Magari yamebadilika, lakini nani atayatengeneza Segese?

Na Mwandishi Wetu, Segese

KATIKA muda wa saa moja tu, barabara itokayo Kahama kwenda Bulyanhulu huwapitishia wakazi wa Segese karibu historia nzima ya gari. Hupita Fuso lililosheheni magunia ya mawe ya dhahabu likielekea kwenye makarasha, likifuatiwa na Land Cruiser yenye bomba refu la kuvutia hewa, lile ambalo watu wamelifananisha na mkonga wa tembo. Nyuma yake huja Probox yenye abiria wengi kuliko viti vyake, na pembeni pikipiki ya magurudumu matatu iliyobeba madumu ya maji.

Kila chombo kati ya hivyo kilibuniwa katika zama zake, na watu waliokuwa na barabara nyingine kabisa akilini. Vyote vinakutana katika kata hii ya Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, ndani ya ukanda wa dhahabu unaoendelea hadi Geita.

Habari za maendeleo ya gari kwa kawaida husimuliwa kama safari ya kwenda mbele tu. Tunaambiwa kwamba injini zimekuwa ndogo lakini zenye nguvu, kwamba matumizi ya mafuta yamepungua, na kwamba abiria wa leo analindwa kuliko abiria wa miaka ya 1950. Hayo yote ni kweli.

Hata hivyo, safari hiyo ikitazamwa kutoka Segese ina upande wa pili. Kadiri gari lilivyoongezewa akili, ndivyo akili hiyo ilivyotoka mikononi mwa fundi wa kijijini. Na kadiri usalama ulivyoongezwa kiwandani, ndivyo sehemu yake kubwa ilivyopotea njiani kabla ya kumfikia abiria wa ukanda huu.

Zama za spana na nyundo

Gari la kwanza kuenea duniani kwa wingi lilikuwa Ford Model T, lililoanza kuuzwa Marekani mwaka 1908. Kufikia mwaka 1927, uzalishaji wake ulipokoma, yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni 15. Lilifanikiwa kwa sababu lilikuwa la bei nafuu, lakini pia kwa sababu lilibuniwa kwa ajili ya mkulima mwenye barabara mbaya. Liliinuliwa juu ya ardhi, na mwenye gari aliweza kulifungua na kulifunga mwenyewe.

Kwa maneno mengine, Marekani ya wakati ule, yenye njia za matope na vijiji vilivyokuwa mbali na gereji, ilihitaji gari la aina ileile ambayo Usukuma ingeihitaji miongo kadhaa baadaye.

Afrika Mashariki iliipata falsafa hiyo zaidi kupitia Uingereza. Malori ya Bedford, yaliyoanza kutengenezwa mwaka 1931, yalikuwa na umbo ambalo hata mtoto angeweza kulichora: chasisi ya reli mbili za chuma, injini mbele, boksi la gia katikati, na difu nyuma. Bodi ya mbao au bati iliongezwa juu kulingana na mahitaji ya mwenyewe. Katika mikoa ya pamba, malori ya namna hiyo yalisomba mavuno kutoka vyama vya msingi hadi kwenye viwanda vya kuchambulia pamba.

Mwaka 1948 ikaja Land Rover, iliyozinduliwa katika maonyesho ya magari ya Amsterdam. Bodi yake ilikuwa ya alumini, si kwa sababu ya urembo, bali kwa sababu Uingereza iliyotoka vitani ilikuwa na uhaba wa chuma. Sababu hiyo ya dharura ikazaa sifa: bodi haikuliwa na kutu upesi, na ikibonyea, nyundo iliirudisha.

Ufundi wa zama hizo ulikuwa wa macho, masikio na vidole. Kabureta haikuwa na siri kubwa. Hewa ikivutwa na injini hupita mahali pembamba, hupata kasi, na hunyonya petroli kiasi. Fundi alirekebisha mchanganyiko huo kwa bisibisi huku akisikiliza mlio. Aliyesikia injini ikikohoa alijua pa kuanzia.

Ujuzi huo ulirithishwa chini ya mwembe. Kijana alianza kwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, akapanda hadi kukaza nati, na baada ya miaka kadhaa akawa fundi mwenye wanafunzi wake. Hakuhitaji kitabu wala cheti. Gari lenyewe lilikuwa kitabu.

Barabara ilivyochagua magari

Ni makosa kudhani kwamba Afrika Mashariki ilikuwa ikipokea tu kila kilicholetwa. Barabara za ukanda huu zilikuwa na usemi wake, na watengenezaji waliusikiliza.

Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaligeuka kuwa chumba cha mtihani. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Ndugu yake, Peugeot 504, iliyozinduliwa mwaka 1968, ilishinda mwaka 1975 na 1978. Datsun nayo ikachukua ushindi mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, mikononi mwa Shekhar Mehta, dereva aliyezaliwa Uganda.

Wanunuzi walisoma matokeo hayo kama ushahidi. Gari lililovuka matope ya Machi na Aprili bila kuvunjika springi lilistahili fedha ya mfanyabiashara wa Kahama kuliko gari lenye viti vya kupendeza.

Kupanda kwa bei ya mafuta duniani mwaka 1973 kuliipa Japani nafasi ya pili. Magari yake madogo yalikuwa yakinywa mafuta kidogo, na wanunuzi wa Marekani na Ulaya walioyadharau wakaanza kuyapanga foleni. Tanzania, iliyokuwa haina fedha za kigeni za kutosha, iliumia maradufu. Vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 viliongeza mzigo, kwani malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na zana kuelekea Kagera.

Serikali ilijaribu kujibu kwa viwanda. Kibaha, mkoani Pwani, kilijengwa kiwanda cha TAMCO kilichounganisha malori ya Scania. Katika mji huohuo, katikati ya miaka ya 1980, ulianzishwa mradi wa Nyumbu chini ya wizara yenye dhamana ya ulinzi, ukiwa na lengo la kubuni lori la Kitanzania. Nyumbu lilitengenezwa kweli, lakini halikuwahi kuzalishwa kwa wingi wa kuweza kuingia sokoni na kubadili maisha ya msafirishaji wa kawaida.

Aliyebeba nchi katika miaka hiyo alikuwa fundi wa gereji bubu. Vipuri havikuwapo, hivyo alichonga bushi kwa mpira wa tairi kuukuu, alichomelea chasisi iliyokatika, na alihamisha injini ya gari moja kwenda jingine. Tukumbuke jambo hilo, kwa sababu ndilo linalotoweka sasa.

Mitumba yenye kompyuta

Mageuzi ya biashara yalianza mwaka 1984, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Katika miaka ya 1990 mlango ukafunguka kabisa, na magari yaliyotumika ya Japani yakaanza kumiminika katika bandari ya Dar es Salaam.

Yalikuja kwa sababu mbili kubwa. Kwanza, Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, hivyo usukani uko mahali pake. Pili, sheria za Japani hulazimisha magari kukaguliwa kila baada ya muda, kwa kawaida miaka miwili, kwa gharama inayoumiza mwenye gari kadiri linavyozeeka. Mjapani mwingi huona nafuu kuliuza. Lililochoka kwa sheria za Tokyo likawa jipya Kahama.

Hatukutambua mapema kwamba ndani ya mitumba hiyo mlikuwa na mapinduzi. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilikuwa imeingiza sokoni mfumo wa kielektroniki wa kupulizia petroli mwaka 1967, ukianza na magari ya Volkswagen. Kufikia miaka ya 1990, viwanda vya Japani vilikuwa vikiachana na kabureta kwa kasi.

Katika mfumo huo mpya, vihisio hupima kiasi cha hewa inayoingia, joto la maji, nafasi ya pedeli na oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Kompyuta ndogo, ambayo mafundi wetu huiita kontroli boksi, hukusanya taarifa hizo na kuamua nozeli ifunguke kwa sehemu ngapi za sekunde elfu. Hufanya hivyo mara nyingi kwa kila sekunde, bila kuchoka.

Faida zake ni za wazi. Gari huwaka asubuhi ya baridi bila kusumbua, hutumia mafuta kidogo na hutoa moshi safi zaidi. Lakini kihisio kimoja kikifa, injini yaweza kukosa nguvu, kunywa mafuta kupita kiasi au kukataa kuwaka, na sikio la fundi halisikii chochote cha kumsaidia. Ugonjwa umehamia kwenye nyaya na namba.

Hata lugha ni kikwazo. Wasafiri wengi wa Kanda ya Ziwa wameisikia sauti ya mwanamke wa Kijapani ikimwarifu dereva, kila gari linapowashwa, kwamba hajaweka kadi ya kulipia barabara za Japani. Ni jambo la kuchekesha, lakini gari hilohilo huweza kuwa na onyo la breki au la injini lililoandikwa kwa Kijapani, nalo hupuuzwa vilevile.

Kwa upande wa dizeli, mabadiliko yalikuwa makali zaidi. Pampu ya zamani ilikuwa ya gia na plangi, na iliweza kustahimili mafuta yenye uchafu kiasi. Mwaka 1995 kampuni ya Denso ya Japani ilianza kuweka kwenye malori ya Hino mfumo ambamo dizeli hukaa tayari katika bomba moja lenye mgandamizo mkubwa sana, na nozeli za umeme huipulizia kwa amri ya kompyuta. Mfumo huo sasa umeenea karibu katika dizeli zote mpya.

Nozeli hizo zina vitundu vidogo mno. Zinataka mafuta safi, na Tanzania ina historia yake ya uchakachuaji, uliofikia kiwango cha kuilazimu EWURA kuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Nchi za Afrika Mashariki zilipiga hatua nyingine mwaka 2015 zilipokubali dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa kila sehemu milioni. Hatua hiyo ilikuwa njema, ila mafuta yanayouzwa kwenye madumu na chupa kando ya njia hayana wa kuyapima.

Kwa nini mkonga haufi

Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyozinduliwa mwaka 1984, ingali mfalme wa ukanda wa dhahabu.

Mwaka 1990 Toyota iliipa injini ya dizeli inayojulikana kama 1HZ: lita 4.2, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, haina turbo, na pampu yake ni ya kimakanika. Kwa vipimo vya Ulaya injini hiyo imepitwa na wakati, kwani haina nguvu nyingi kwa ukubwa wake na moshi wake haukubaliki huko. Lakini hadi miaka ya 2020 iliendelea kuuzwa katika masoko kama ya Afrika, kwa sababu humsamehe dereva, humsamehe muuza mafuta, na humsikiliza fundi.

Mfano wa kinyume ni Land Rover Defender. Toleo la asili, mjukuu wa gari la 1948, lilikoma kutengenezwa Januari 2016 huko Solihull, Uingereza. Lililochukua jina hilo miaka mitatu baadaye halina tena chasisi ya zamani iliyotengana na bodi, na shughuli zake nyingi husimamiwa na kompyuta. Ni gari bora kwa karibu kila kipimo cha maabara, lakini si gari la kufunguliwa chini ya mwembe.

Migodi mikubwa haina shida hiyo. Bulyanhulu, ambao ni mgodi wa chini ya ardhi ulioanza uzalishaji mwaka 2001, na ule wa Geita ulioanza mwaka 2000, ina karakana, vipuri na mafundi waliosomea kompyuta za mitambo. Mwaka 2009 makampuni ya madini na VETA yalianzisha mafunzo maalumu ya ufundi wa migodini katika chuo cha Moshi, na vijana waliohitimu wamekuwa wakiajiriwa migodini.

Kwa hiyo ndani ya ukanda mmoja wapo mafundi wa dunia mbili. Ndani ya uzio, fundi huchomeka kifaa na kusoma tatizo kwenye kioo. Nje ya uzio, mwenzake hubadilisha kipuri kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha, na mwenye gari hulipia kila kosa. Uwezo wa vichwa vyao haupishani. Wanachopishana ni mafunzo na kifaa.

Probox na usalama uliopotea njiani

Gari linaloeleza hali ya sasa kuliko yote, hata hivyo, ni Toyota Probox. Lilizinduliwa Japani mwaka 2002 kama gari la kazi la makampuni. Viti vyake ni vya watu watano, na toleo lake la mizigo lilipangiwa kubeba kilo 400. Halikukusudiwa kupendeza. Lilikusudiwa kufanya kazi kila siku, kunywa mafuta kidogo na kutodai mengi.

Sifa hizo zimelifanya kuwa mchomoko, jina ambalo watu wa Kanda ya Ziwa wameyapa magari madogo ya abiria yanayochomoka haraka bila kungoja kujaa kama basi. Kwa mama anayemkimbiza mtoto hospitali, au mchimbaji anayewahi duara lililotoa dhahabu, mchomoko ni mkombozi. Mabasi makubwa hayawezi kumhudumia kwa wepesi huo, na anayeyalaani magari hayo bila kutaja mbadala hajasafiri na wananchi.

Tatizo ni hesabu. Abiria wanane au tisa wenye wastani wa kilo 65 ni zaidi ya kilo 500, kabla ya kuhesabu mizigo iliyoko nyuma na juu ya paa. Breki, tairi, springi na shokapu vilivyokokotolewa kwa mzigo mdogo kuliko huo huanza kazi vikiwa vimeshindwa.

Kumbuka jinsi usalama ulivyojengwa. Mwaka 1959 mhandisi Nils Bohlin wa Volvo alibuni mkanda wenye ncha tatu, unaopita kifuani na kiunoni. Mwaka huohuo Mercedes-Benz ilianza kuuza magari ambayo mbele na nyuma yake yaliundwa kukunjika kwa mpangilio wakati wa ajali, ili nguvu ya kishindo iishie kwenye bati badala ya mwilini. Mwaka 1978 zikaja breki zinazozuia tairi kujifunga, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mfuko wa hewa unaofumuka mbele ya dereva.

Vitu hivyo hufanya kazi kama familia. Mfuko wa hewa umepimwa kwa mtu aliyefunga mkanda. Mkanda umepimwa kwa mtu mmoja katika kiti kimoja. Mbele inayokunjika imepimwa kwa uzito ulioandikwa katika cheti cha gari. Abiria wawili wakipangwa kiti kimoja cha mbele, mkanda hauwafai wote wawili, na mfuko wa hewa, kama bado upo, huweza kuwadhuru badala ya kuwalinda.

Nasema kama bado upo, kwa kuwa si jambo geni gari lililopata ajali kurudishwa barabarani bati likiwa limenyooshwa na kupakwa rangi, huku mfuko uliofumuka haukurudishiwa. Taa ya onyo kwenye dashibodi huzimwa, na mnunuzi anayefuata hajui lolote. Kwa macho, gari hilo ni la mwaka 2002. Kwa usalama, abiria wake yuko mwaka 1955.

Jambo hili linapata uzito mpya kwa sababu ya barabara. Katika makubaliano ya mwaka 2020 na Serikali, kampuni ya Barrick iliahidi hadi dola milioni 40 za Marekani kwa ajili ya kuboresha barabara ya mgodi wa Bulyanhulu pamoja na nyumba na miundombinu mingine. Hakuna mkazi wa ukanda huu asiyeitaka lami. Vumbi limeua biashara na mapafu kwa miaka mingi.

Lakini changarawe, pamoja na ubaya wake, ilikuwa askari wa usalama barabarani asiyelipwa. Ilimlazimisha dereva kupunguza mwendo. Kanuni ya fizikia ni kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kishindo huongezeka mara nne. Gari lililozidiwa mzigo, lenye breki zilizokadiriwa kwa watu watano na mfuko wa hewa usiokuwapo, likipewa lami iliyonyooka, linageuka kuwa chombo kingine kabisa.

Nikeli itapita Kahama

Wakati tukihangaika na kompyuta za miaka ya 1990, dunia imeanza zama nyingine. Toyota iliuza Prius, gari lake la kwanza la uzalishaji wa wingi linalotumia petroli na umeme kwa pamoja, mwaka 1997. Magari ya aina hiyo yanapozeeka huko Japani hufika kwetu, na betri zake zenye umeme mkali ni hatari kwa fundi asiyefundishwa. Mkondo wake unaweza kuua.

Hata mkonga wenyewe hautabaki ulivyo. Mwaka 2021 kampuni ya madini ya BHP na Toyota zilianza kuijaribu Land Cruiser ya mfululizo wa 70 inayotumia umeme katika shughuli za nikeli Australia Magharibi. Mantiki yake ni rahisi: katika mgodi wa chini ya ardhi, kuondoa moshi wa dizeli ni gharama kubwa ya feni na mifereji ya hewa. Gari lisilotoa moshi hupunguza gharama hiyo na hulinda mapafu ya wachimbaji.

Kinachotuhusu zaidi ni nikeli. Madini hayo hutumika katika aina nyingi za betri za magari, na Tanzania inayo Kabanga, wilayani Ngara. Mwaka 2021 Serikali ilitia saini makubaliano yaliyozaa kampuni ya Tembo Nickel, na mpango uliotangazwa ni kuyasafisha madini hayo Kahama, katika eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi, ambao ulifikia mwisho wa uchimbaji mwaka 2021.

Mpango huo ukitimia, malighafi ya magari ya kesho itasafishwa Kahama, mji uleule ambao wakazi wa Segese huuendea kutafuta vipuri. Itakuwa ajabu, na aibu, iwapo madini yatapita mbele ya gereji ambayo haina hata mtu mmoja anayejua kuzima betri ya gari la umeme kwa usalama.

Nini kifanyike

Wapo wanaopendekeza dawa ya kuzuia magari makuukuu. Kenya haipokei yaliyozidi miaka minane, na Uganda mwaka 2018 iliweka ukomo wa miaka 15. Tanzania imechagua kuyatoza ushuru wa uchakavu badala ya kuyakataza. Mjadala huo ni halali, lakini hautamwokoa abiria wa Segese peke yake. Gari jipya zaidi lina kompyuta nyingi zaidi. Likikosa fundi, litachakaa upesi kuliko Bedford.

Dawa ya kwanza ni mafunzo, na si lazima yaanze kwa majengo makubwa. VETA tayari ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani. Utaratibu huo ukiongezewa kozi fupi za umeme wa magari, usomaji wa kompyuta za gari na usalama wa betri, zikifundishwa kwa Kiswahili, jioni, karibu na gereji zilipo, matokeo yataonekana katika muda mfupi.

Fedha za kuanzia si ndoto. Sheria huitaka migodi kulipa halmashauri ushuru wa huduma unaokokotolewa kutokana na mapato, na marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanaitaka kuandaa mipango ya kusaidia jamii kwa kushirikiana na halmashauri hizohizo. Madarasa na zahanati ni mambo ya lazima. Karakana moja ya pamoja yenye vifaa vya kupimia magari, ambamo fundi wa gereji bubu angelipia huduma kwa saa, ingegharimu sehemu ndogo ya fedha hizo.

Dawa ya pili ni ukaguzi unaotazama kinachoua. Trafiki anayesimamisha mchomoko aulize breki, tairi, mikanda na idadi ya abiria kabla ya kuuliza stika. Nao wamiliki wapewe njia halali ya kufanya biashara kwa idadi ya abiria ambayo gari linaimudu, kwa nauli inayolipa. Kuwafukuza tu barabarani huwafanya wasafiri usiku na kwa mwendo mkali zaidi.

Dawa ya tatu iko mikononi mwetu abiria. Anayekubali kuketi wa pili katika kiti cha mbele anaivua kwa hiari kazi ya miaka 60 ya wahandisi waliotaka afike salama.

Kwa zaidi ya nusu karne, mafundi wa ukanda huu walifanya magari ya Uingereza, Ufaransa na Japani yaishi miaka ambayo waliyoyatengeneza hawakuitarajia. Mtu aliyeweza kufufua lori bila vipuri katika miaka ya 1980 hakosi akili ya kuisoma kompyuta ya gari. Anakosa wa kumfungulia mlango, na lami haitamsubiri.